Uwezo Uliofichika Nyuma ya Kifafa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia watu ambao huonekana mara chache sana hadharani, ingawa karibu kila kijiji chetu wapo. Mikutanoni hawafiki, sokoni hawaonekani, na hata siku ya sikukuu huachwa nyumbani kulinda kuku. Ni wale wenye kifafa. Mambo ya dawa na kinga tutayagusa, maana hayakwepeki, lakini nia yangu hasa ni kueleza namna ya kuutambua uwezo alio nao mtu mwenye kifafa, uwezo ambao familia nyingi huuzika pamoja na ugonjwa wake.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua kijana anayeanguka mara nne kwa mwezi, na huyo kwetu hospitalini ni mgonjwa wa kutiliwa maanani. Kule kukakamaa na kutukutika kwa kawaida huisha katika dakika mbili au tatu. Baada ya hapo hupitiwa na usingizi mzito, tuseme saa mbili. Dakika tatu mara nne ni dakika 12, na saa mbili mara nne ni saa 8. Mwezi wenye siku 30 una saa 720. Kifafa kimechukua saa 8 na dakika 12. Zimebaki saa 711 na dakika 48. Basi tukikubali pia kwamba kila akianguka kichwa humwuma siku nzima, tukakipa kifafa siku nne kamili, bado zinabaki siku 26.

Sasa uliza nyumbani kwake: siku hizo 26 anafanya nini? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Hafanyi kitu, Sista. Huyu ni mgonjwa."

KIFAFA NI NINI

Ubongo hufanya kazi yake kwa mikondo midogo sana ya umeme, ambayo kwa mtu mzima wa afya huenda kwa mpangilio. Kwa mwenye kifafa, mara moja moja mikondo hiyo hulipuka kwa pamoja bila mpangilio. Mlipuko ukienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa, hutukutika, pengine hujikojolea na kujiuma ulimi. Ukibaki sehemu moja tu, mkono mmoja unaweza kucheza, au mtu akaduwaa na kutafunatafuna bila kujua. Mlipuko ukipita, kazi huanza tena. Ndiyo maana aliyekuwa chini asubuhi akitoka povu anaweza jioni akakwambia bei ya mahindi ya mwaka jana na mwaka juzi.

Povu lile ni mate tu. Haliambukizi. Pumzi haiambukizi, ushuzi hauambukizi, wala kula naye sahani moja hakuambukizi. Nimekwisha kufuta mate ya wagonjwa wengi kwa miaka mingi ya kazi, na wenzangu vilevile, na hatujaanguka. Wale wanaosema ni pepo kwa kutaja habari ya yule kijana katika Marko sura ya 9, wasome pia alichofanyiwa mwishoni: alishikwa mkono, akainuliwa, akasimama. Kwetu huku ni wangapi wanaomshika mkono?

YALIYOONEKANA MAHENGE

Mfano mkubwa wa jambo hili katika nchi yetu uko kwa majirani zetu wa kaskazini, Mahenge, wilaya ya Ulanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Tanganyika daktari kijana mwanamke kutoka Norwei, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall. Katika Wapogoro wa milima ile alikuta wenye kifafa wengi kupita alivyotazamia. Waliishi pembeni, wakila katika vyombo vyao peke yao, na wengi walikuwa na makovu mabaya ya moto, kwa sababu aliyeanguka kwenye mafiga hakuna aliyethubutu kumgusa na kumvuta. Akafungua kliniki ya kifafa na kuwapa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho hadi leo tunakitumia. Mwaka 1965 alichapisha habari za wagonjwa wake. Waliomeza dawa kila siku, wengi wao kuanguka kulipungua au kukakoma, na waliokuwa wakihesabiwa kama mizigo wakarudi kushika jembe.

Ukumbuke kwamba dawa haikumpa mtu yeyote akili mpya wala mikono mipya. Vyote hivyo alikuwa navyo tangu awali katika kile kibanda cha pembeni.

Baadaye madaktari wetu wa Tanzania, Rwiza na Matuja, walishirikiana na Jilek-Aall kuchunguza Ulanga kijiji kwa kijiji. Matokeo yaliyotoka mwaka 1992 yalihusu watu kama 18,000 wa vijiji 11. Wenye kifafa kilicho hai walikuwa kama 10 katika kila watu 1,000, na kulikuwa na kijiji kimoja ambako walifikia 37 katika kila 1,000. Sisemi kwamba Liparamba au Mbamba Bay ni sawasawa na Mahenge. Lakini chukua ile 10 kwa kukisia tu: kijiji cha watu 2,000 kingekuwa na watu 20. Je, wewe unaweza kuwataja 20 katika kijiji chako? Kama unawajua watatu tu, huenda wengine wako chumba cha nyuma.

Mwaka uliofuata, 1993, walichapisha majibu ya wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 wa huko. Zaidi ya nusu walisema wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Walipoulizwa kwa nini, waliotaja kuambukiza wenzake walikuwa wachache. Wengi walihofia kwamba ataanguka akiwa peke yake, na wengi pia walidhani kwamba akili zake ni pungufu. Mimi majibu hayo yamenifundisha kuliko vitabu vingi. Tumezoea kulaumu imani za uchawi, lakini kinachomfungia mtoto ndani mara nyingi ni huruma ya mama yake ikichanganyika na kumdharau bila kujua.

Hofu ya mama ina msingi, nisiidharau. Wagonjwa 164 wa kliniki ile ya Mahenge walifuatiliwa kwa miaka 30, na zaidi ya nusu wakakutwa wamekwisha kufa. Wengi wa waliokufa walipatwa na mambo yanayotokana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, kuzama majini, kuungua moto. Kwa hiyo anayeniambia "namlinda asife" namwelewa. Shida ni kwamba kumfungia ndani kusikoandamana na dawa hakumwokoi. Mafiga yako humo humo ndani.

PAPA ALIYEKUWA AKIANGUKA

Wasomaji wa gazeti hili huenda wengi hawajui kwamba Papa Pio IX alikuwa na ugonjwa huu ujanani. Alizaliwa Italia mwaka 1792, jina lake Giovanni Maria Mastai-Ferretti. Alitaka kujiunga na kikosi cha walinzi wa Papa, akakataliwa kwa sababu ya kuanguka. Akaelekea upadri, akapadirishwa mwaka 1819, na mwanzoni aliwekewa sharti: asiadhimishe Misa bila padri mwingine kuwa karibu naye. Kijana huyo akachaguliwa Papa mwaka 1846 na akaliongoza Kanisa hadi alipofariki mwaka 1878, karibu miaka 32, muda mrefu kuliko Papa mwingine yeyote baada ya Mtume Petro. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.

Simtaji ili kila mzazi atazamie kupata askofu. Nataka mlitazame lile sharti. Wa kwanza waliuona ugonjwa wakafunga mlango. Wa pili waliuona ugonjwa ule ule, wakamwekea mtu wa kukaa karibu naye, kazi ikaendelea. Njia hii ya pili haina gharama, na inafaa ziwani, shambani, jikoni na darasani.

KINACHOTUZUIA KUUONA UWEZO

Kwanza, tunampima siku mbaya. Mtu aliyeanguka leo asubuhi, mchana ukimwuliza jambo atajibu ovyo au hatajibu. Ubongo wake bado umechoka. Anayemjaribu mtoto kusoma siku hiyo, kisha akatoa hukumu kwamba hafundishiki, ni sawa na anayempima mbio mtu aliyetoka kuugua malaria jana.

Pili, dawa yenyewe. Fenobabitoni katika wiki za kwanza huleta usingizi, na kwa baadhi ya watoto huleta utukutu, mtoto hatulii. Kipimo kikizidi, mtu huwa mzito siku zote, anasema polepole, anayumba. Ndugu wanaona kuanguka kumekoma, wanashukuru, na ule uzito wanauhesabu kuwa ni ugonjwa. Huo si ugonjwa. Mrudisheni kliniki mkaseme wazi: "Haanguki, ila amelala siku nzima." Kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa, ziko kabamazepini, fenitoini na valproeti, kila moja na wagonjwa inaowafaa. (Valproeti ina hatari kwa mtoto aliye tumboni, hivyo msichana aliyevunja ungo na mama anayeweza kubeba mimba wamkumbushe daktari juu ya jambo hilo.) Mwuguzi haoni nyumbani kwenu, msiponyoosha maneno atasoma kadi, aone kuanguka ni sifuri, aandike "anaendelea vizuri".

Tatu, kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto anaduwaa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Yaweza kumtokea mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu anaona mtoto asiyesikiliza, anamchapa. Kila mara anaduwaa, sentensi moja ya mwalimu imempita, na mwisho wa mwaka anashika mkia. Mtoto wa namna hiyo akipata dawa inayomfaa, masomo huweza kubadilika kiasi cha kumshangaza mwalimu mwenyewe. Walimu, mkiona hivyo, andikeni barua fupi kwa mzazi ampeleke mtoto hospitali.

La nne ni la sisi sote. Mtu asiyepewa kazi hawezi kuonyesha kazi. Aliyekaa miaka kumi bila kutumwa hata chumvi dukani, ukimtuma leo atapotea, nawe utasema, "Si niliwaambia?"

NAMNA YA KUUTAFUTA

Katika kliniki, mzazi akiniambia mwanawe hajui kitu, huwa sibishani naye. Namwuliza yule anayeshinda na mgonjwa. Mara nyingi ni bibi, au mdogo wake.

Baba mmoja kutoka upande wa mto Ruvuma alimleta kijana wake wa miaka 14. Kila nililomwuliza kijana, baba alijibu yeye. Alikuwapo binti wa miaka tisa, amebeba chupa ya maji. Nikamwuliza, "Mama, kaka yako nyumbani hupenda kufanya nini?" Akasema, "Kaka ndiye anayejua mahindi ya watu." Ikabidi baba aeleze. Yeye hukopesha mahindi wakati wa njaa, debe kwa debe, na kuandika hapendi. Kumbe deni likisahaulika huwa wanamwuliza kijana: nani alichukua, lini, madebe mangapi, nani alirudisha nusu. Alikuwa na daftari zima kichwani, na baba yake alikuwa akilitumia miaka yote, huku akituambia kwamba hajui kitu. Baba wa watu alicheka mwenyewe. Tulimwanzishia dawa, na kazi ya kwanza tuliyompa ilikuwa kuandika madeni yale. Darasa la pili alilosoma kabla ya kuondolewa shule lilitosha kuanzia.

Dada mwingine, mtu mzima, wa ufukweni, alikuwa amekatazwa kupika na kuteka maji. Mikono haikukaa bure, akawa anasuka mikeka ya ukindu. Mikeka ikarundikana kwa sababu watu waliogopa kulalia iliyoshikwa naye. Shangazi yake akaipeleka mbali kidogo akaiuza, bila kutaja aliyeisuka. Mpaka siku moja mnunuzi mmoja akaomba aonyeshwe fundi mwenyewe, ana oda ya mikeka sita.

Basi tazameni vitu vidogo. Anakumbuka nini ambacho wengine wamesahau? Mbuzi akikosekana, nani hutangulia kujua? Watoto wadogo wakilia humkimbilia nani? Yuko anayechambua kahawa bila kuachia punje mbovu, yuko anayejua kutuliza ng'ombe, yuko mwenye sauti ya kuimba. Mpeni kazi moja ndogo iliyo karibu na kile anachokipenda, muda mfupi, siku nzuri, na mtu awe karibu. Akiiweza kwa mwezi, ongezeni. Akishindwa, badilisheni kazi kabla ya kumbadilisha mtu.

Nisiwadanganye. Wako ambao ubongo uliumia vibaya, kwa kuzaliwa kwa shida au kwa malaria ya kichwani, na kifafa ni sehemu tu ya tatizo. Mtoto wa namna hiyo huenda asisome. Lakini akijifunza kula mwenyewe, kuoga, kuvaa shati na kupepeta mchele, mama yake amepunguziwa kazi ya kila siku. Nao ni uwezo, uhesabiwe. Mahenge walionekana pia watoto wenye kusinzia kichwa, kichwa kinaangukia kifuani mara kwa mara hasa wakati wa kula, ugonjwa ambao baadaye ulionekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Kule Uganda, watoto wengi walipopewa dawa za kifafa na lishe kusinzia kulipungua, na baadhi yao wakarudi darasani, nao walikuwa watoto waliokatiwa tamaa kabisa.

MIPAKA YA USALAMA

Kumpa mtu kazi hakumaanishi kumwachia ovyo. Mpaka hapo atakapokuwa amekaa muda mrefu bila kuanguka kama daktari atakavyomwelekeza, asiingie katika mtumbwi peke yake, asioge ziwani wala mtoni peke yake (na Ruvuma ina mamba, hata mzima asioge peke yake), asipande mwembe, asiendeshe pikipiki. Kuvua usipa pamoja na wenzake kutoka nchi kavu, kuanika samaki, kupalilia, kuchimba ngoro mlimani akiwa na mwenzake, kufuga kuku, kushona, kuuza duka, kufundisha, vyote vinawezekana.

Jikoni, inueni mafiga juu kidogo au mzungushie ukuta wa udongo unaofika magotini. Atakayeanguka ataangukia ukuta. Sufuria igeuziwe mpini upande wa ndani. Kitanda kiwe cha chini.

Na wale wa karibu wajue la kufanya, kwa sababu mtu mwenye kifafa atatoka nje tu pale ambapo majirani hawatamkimbia. Akianguka, msogezeni mbali na moto, maji au mawe. Wekeni nguo laini chini ya kichwa, legezeni ukosi. Msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, msimpe maji. Kutukutika kukiisha, mlazeni ubavu ili mate yatoke, mkae naye mpaka azinduke. Ikipita dakika tano hajaacha, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

DAWA NA CHANZO

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani wako watu kama milioni 50 wenye kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Ni wengi hao. Lakini dawa humezwa kila siku, hata siku ambazo mtu hajisikii vibaya. Kosa linaloua ni kuacha ghafla: kuanguka hurudi, pengine mfululizo. Kuacha huzungumzwa na daktari baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, na hupunguzwa polepole. Mama mjamzito asiache dawa kwa hofu. Aje kliniki mapema. Kunyonyesha anaweza.

Ninyi wa Liparamba, Mitomoni na vijiji vya mpakani mnajua barabara inavyokuwa wakati wa mvua. Njooni mwezi Oktoba au mwanzo wa Novemba, ombeni dawa za miezi miwili au mitatu. Zahanati ikiwa haina, msingoje hadi kidonge cha mwisho. Fikeni wiki mbili kabla, ili ipatikane nafasi ya kuzitafuta Litembo, Liuli au Peramiho.

Chanzo mara nyingine hakijulikani. Kinachojulikana, sehemu kubwa huzuilika. Kuzaa kwa shida nyumbani, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa. Upande wetu ongeza mawili. La kwanza ni tegu wa nguruwe. Watu husema kifafa kinatokana na kula nyama ya nguruwe, na jambo hilo linahitaji kunyooshwa. Anayekula nyama yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika choo chake. Ni mayai hayo, yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, mboga au maji, ndiyo yanayoweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo. Fungeni nguruwe bandani, chimbeni vyoo, nyama ipikwe iive. La pili ni usubi, unaoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Mahenge na sehemu za Ruvuma ni maeneo yake, na uchunguzi mwingi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba palipo na usubi mwingi, kifafa cha watoto nacho huwa kingi. Vidonge vya ivermectini vinapogawiwa kijijini, mezeni.

Mwisho, juu ya safari ya kliniki. Njooni na mtu aliyewahi kumwona mgonjwa akianguka, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kueleza. Njooni na daftari la kurasa 40, mlipige mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto andikeni tarehe aliyoanguka, saa, dakika ngapi, na kama alikuwa amemeza dawa. Upande wa kulia andikeni alichofanya wiki hiyo: alichota kuni, aliuza mayai kumi na mawili, alimfundisha mdogo wake kuhesabu. Kama hakuna anayejua kuandika, chora msalaba kushoto kwa kila kuanguka, na duara kulia kwa kila kazi. Mimi huanza kusoma upande wa kulia. Ukiwa mtupu miezi mitatu mfululizo ilhali wa kushoto nao ni mtupu, hapo nauliza juu ya kipimo cha dawa, na nikiona kiko sawa, naomba kuonana na mkuu wa kaya.